Bwawa la chumvi nalo ni bwawa la klorini

Mtu anayejenga nyumba Mbezi Beach, Nyali au Fumba, akishamaliza habari za paa na vigae na kufika kwenye bwawa la kuogelea, huulizwa na fundi swali moja kabla zege halijamwagwa: bwawa la chumvi au la klorini? Mara nyingi swali hilo huja na jibu lake tayari. Klorini, ataambiwa, ni mambo ya zamani. Inawasha macho, inaharibu nywele za watoto, inanuka. Chumvi ni kitu cha asili, haina kemikali, na ukishaiweka umemaliza kazi. Mwenye nyumba, ambaye kufikia hapo ameshachoshwa na mafundi wa kila aina, anakubali na kutoa hela.

Anachouziwa ni klorini.

Bwawa la chumvi halitegemei chumvi kuua vijidudu. Kwa kiasi kinachowekwa bwawani, chumvi peke yake haina nguvu hiyo. Kiasi chenyewe ni gramu tatu hadi nne katika lita moja ya maji, ilhali maji ya bahari yana takriban gramu 35 na machozi ya binadamu kama gramu 9. Maji hayo husukumwa na pampu kupita ndani ya kifaa chenye mabamba ya titaniamu yaliyopakwa oksidi za rutheniamu au iridiamu. Mafundi wanakiita seli. Umeme ukipita kati ya mabamba, chumvi inavunjika, klorini inatoka na kuyeyuka majini, na hapo inapatikana asidi ya hipoklorasi. Ni asidi ile ile inayopatikana mtu akimwaga unga wa klorini kutoka kwenye ndoo. Kwa bakteria, kwa ukungu wa kijani na kwa ngozi ya muogeleaji, hakuna tofauti kati ya klorini iliyotoka kiwandani na iliyozalishwa nyuma ya ukuta wa bafu.

Kwa hiyo mwenye nyumba haamui kama watoto wake wataogelea kwenye klorini. Wataogelea kwenye klorini kwa vyovyote vile. Anachoamua ni kama klorini hiyo itatengenezwa nyumbani kwake kwa umeme, kila siku, au italetwa ikiwa tayari. Na uamuzi huo unahusu umeme wa mtaa wake, maji ya kisima chake, mawe aliyojengea, bustani yake, na mtu aliyemwajiri kulitunza bwawa. Ukivipima vyote hivyo kwa hali ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwa vyake, kwa nyumba nyingi jibu ni ndoo ya klorini. Chumvi ina mahali pake, na patatajwa, lakini mahali hapo ni pachache kuliko wauzaji wanavyosema.

Wapo pia wanaodhani bwawa la chumvi ni bwawa linalojazwa maji ya bahari. Kuna hoteli za ufukweni zinazovuta maji ya bahari moja kwa moja, lakini huo ni mradi mwingine kabisa. Chumvi yake ni mara kumi, pampu na mabomba yake ni ya aina nyingine, na bromidi iliyomo kwenye maji ya bahari hubadilisha kemia yote, kwa sababu klorini ikiingia humo huzalisha bromini. Mtambo wa nyumbani haukutengenezwa kwa maji hayo. Mwenye nyumba anayeishi hatua chache kutoka ufukweni asijaribu kuokoa gharama ya chumvi kwa kuchota huko.

Haki ya chumvi ipewe kwanza. Mitambo hii ilienea mapema zaidi Australia na New Zealand, nchi zenye jua kali na mabwawa mengi ya nyumbani, na watu wa huko hawakuipenda kwa kudanganywa. Seli inayofanya kazi vizuri hutoa klorini kidogo kidogo kwa muda wote pampu inapozunguka, kwa hiyo maji hayapandi klorini asubuhi na kuishiwa jioni. Chumvi ile kidogo huyafanya maji yakaribie zaidi machozi kuliko maji matupu ya bomba, na ndiyo maana waogeleaji wengi husema yanateleza vizuri mwilini na hayachomi macho. Tena chumvi haiishi kwa kutumika: klorini ikishafanya kazi yake hurudi kuwa chumvi, na mzunguko unaanza upya. Kinachopotea ni kile kinachoruka nje na watoto wanaopiga mbizi, kinachofurika na mvua, na kinachotoka wakati wa kusafisha chujio. Na nyumba haina haja ya kulundika kemikali kali stoo. Hiyo ni faida kubwa kwa familia yenye watoto wadogo, wala haipaswi kudharauliwa.

Shtaka la harufu na macho mekundu ni jambo jingine. Harufu kali inayowafanya watu waichukie klorini hutokana na kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na jasho, mkojo na mafuta ya ngozi. Bwawa linalonuka hivyo kwa kawaida linahitaji klorini zaidi, na waogeleaji wake wanahitaji kupita kwenye shawa kabla ya kuingia. Bwawa la chumvi lililoachwa bila uangalizi hutoa kloramini zile zile na kuwasha macho vile vile. Anayelipa mamilioni ili kuikimbia harufu hiyo angeweza kuanza na shawa ya pembeni na sabuni.

Sasa hesabu. Chukua bwawa la kawaida la nyumbani: urefu mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita 1.5. Hizo ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kulifikisha kwenye gramu 3.5 kwa lita kunahitaji kilo 168 za chumvi, magunia matatu na ushee ya kilo 50. Chumvi yenyewe si shida. Pwani hii imekausha chumvi kwa jua tangu zamani, na mashamba ya chumvi yapo Gongoni na Marereni kaskazini ya Malindi, yapo Bagamoyo, yapo Lindi na Mtwara. Shida ni usafi wake. Chumvi ya shambani ambayo haijaoshwa vizuri huja na magnesiamu, kalisiamu, na wakati mwingine chembe za chuma zinazoacha madoa ya kahawia kwenye vigae. Ya dukani imetiwa madini ya joto kwa ajili ya afya ya walaji na mara nyingi ina dawa ya kuizuia isigande. Bwawa linataka chumvi safi isiyo na nyongeza, na hiyo ndiyo yenye bei.

Katika joto la pwani, bwawa hilo hutumia klorini kama miligramu 3 kwa lita kwa siku, kwa jumla takriban gramu 144. Kwa unga wa kalisiamu hipokloraiti wenye nguvu ya asilimia 65, hiyo ni gramu 220 hivi kwa siku, au kilo 80 kwa mwaka: ndoo mbili kubwa za kilo 40. Seli inayotoa gramu 20 kwa saa itafikisha kiasi hicho kwa saa saba. Yenyewe haili umeme mwingi. Kwa wati 200 hutumia uniti moja na nusu kwa siku, wakati pampu ya nguvu ya farasi mmoja, ambayo ni lazima izunguke kwenye mfumo wowote ule, hula uniti kama saba. Anayesema bwawa la chumvi litamfilisi kwa umeme anatia chumvi. Mlaji mkubwa ni pampu, na pampu wanayo wote wawili.

Gharama halisi iko kwenye seli. Mabamba yake yana maisha ya saa 8,000 hadi 10,000 hivi. Kwa saa saba kila siku, hiyo ni miaka mitatu hadi minne, kisha inanunuliwa nyingine, na seli peke yake huweza kuchukua nusu ya bei ya mtambo mzima au zaidi. Hapa kwetu huagizwa kutoka nje. Ikifa Desemba, wakati nyumba imejaa wageni, mwenye bwawa atangojea mzigo bandarini huku akinunua unga wa klorini kama jirani yake.

Halafu kuna umeme wenyewe. Desemba 2009 kebo ya chini ya bahari inayoleta umeme Unguja kutoka bara ilikatika, na kisiwa kikakaa gizani hadi Machi 2010. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Mei 2008, kilikuwa kimekwisha kuonja giza la mwezi mzima. Bara, mgao wa mwishoni mwa 2023 ulizigusa nyumba za Masaki na Mbezi kama ulivyozigusa za Mbagala, mpaka mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuingiza umeme kwenye gridi mapema 2024. Kenya nayo ilizimika karibu nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023, na ikazimika tena kabla mwaka haujaisha. Umeme ukikatika, seli haitoi hata chembe ya klorini. Pampu za mabwawa yote husimama, ni kweli, lakini mwenye ndoo anaweza kuyeyusha vikombe viwili vya unga, akavizungusha bwawani, akachanganya kwa brashi yenye mpini mrefu, na maji yakalala salama. Katika maji ya nyuzi joto 29 bwawa lisilo na klorini huanza kuota ukungu wa kijani ndani ya siku mbili tatu. Mwenye mtambo wa chumvi atalazimika kuwa na ndoo hiyo hiyo stoo, akiba ya siku za giza. Hapo ile faida ya kutohifadhi kemikali nyumbani inapungua sana.

Umeme unaoruka juu na chini ni mbaya zaidi ya usiokuwepo. Mtambo wa chumvi una ubao wa elektroniki unaopima chumvi na kugeuza mkondo wa umeme ili seli ijisafishe. Ubao huo hauna ustahimilivu wa pampu. Nyumba isiyo na kifaa cha kusawazisha umeme isithubutu kuufunga.

Maji ya pwani yana tabia yake pia. Visima vingi vya ukanda huu vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe, na maji yake hutoka na chokaa nyingi. Chokaa hiyo huenda moja kwa moja kwenye seli, kwa sababu pale umeme unapopita ndipo pH ya maji hupanda na chokaa kuganda. Ukiifungua seli ya bwawa linalojazwa maji ya kisima cha namna hiyo, baada ya miezi michache unakuta mabamba yameshikana, katikati yamejaa ukoko mweupe kama uliobaki chini ya birika la chai, na maji yanapita kwa taabu. Huoshwa kwa asidi iliyozimuliwa, na kila kuoshwa huondoa kidogo cha ule upako wa rutheniamu uliogharimu fedha. Mwenye haraka hukwangua kwa bisibisi. Akikwangua, ameiua.

Visima vingine, hasa vya Kigamboni, Msasani na mashariki ya Unguja, hutoa maji ambayo yana chumvi tayari. Anayetumia kisima cha gramu moja kwa lita anahitaji kilo 120 tu za kuongeza, lakini kila anapojaziliza maji yaliyokauka kwa jua, chumvi inapanda bila yeye kutaka, kwa kuwa jua linachukua maji na kuiacha chumvi. Masika ikija, hali inageuka. Aprili ikileta milimita 250 za mvua, bwawa la mfano wetu linapokea lita 8,000 za maji matamu, lita 8,000 nyingine zinafurika nje, na karibu kilo 28 za chumvi zinakwenda nazo. Mtambo unaanza kulia kwamba chumvi imepungua. Mingine hujizima yenyewe. Kwa hiyo lile neno la kuweka chumvi na kumaliza kazi halina ukweli. Bwawa la chumvi linapimwa chumvi, klorini na pH. Linaongezwa asidi mara kwa mara, kwani seli hupandisha pH kila inapofanya kazi, na klorini kwenye pH ya 8 hubaki na karibu robo tu ya asidi ya hipoklorasi, ilhali kwenye 7.5 ingekuwa nusu.

Kisha mawe. Nyumba nzuri za pwani, za Lamu na Shela, za Kilifi, za Mji Mkongwe na za ufukwe wa mashariki wa Unguja, zinapendezeshwa na mawe ya matumbawe, chokaa na niru. Ni vifaa vyenye vinyweleo. Maji yenye chumvi huingia ndani ya vinyweleo hivyo, jua huyakausha, na fuwele za chumvi hukua humo na kulipasua jiwe kutoka ndani. Kuta za Mji Mkongwe zinaonyesha wazi kazi ya chumvi kwa miaka mingi: plasta inayomenyeka, jiwe linalogeuka unga ukilipapasa kwa kidole. Kulijengea bwawa la chumvi ukingo wa matumbawe yasiyozibwa ni kulialika tatizo hilo uani. Ngazi za chuma nazo zinahitaji kuwa za daraja la 316, kile chuma cha pua kinachovumilia kloridi. Daraja la kawaida la 304 hutokwa na vidoa vya kutu mapema, vikianzia kwenye maungio ya kuchomelea. Taa, skrubu za vifuniko, hita ya maji kama ipo, vyote vinaingia kwenye hesabu hiyo. Upepo wa bahari tayari unayala mabati na mageti yetu, na bwawa la chumvi linazidisha.

Linalosemwa kidogo kuliko yote ni maji yanayomwagwa. Chujio la mchanga husafishwa kwa kurudisha maji nyuma, kwa kawaida mara moja kwa wiki, na bwawa la ukubwa tuliotaja laweza kutoa lita 1,000 kila safari. Kwenye bwawa la chumvi lita hizo zina kilo tatu na nusu za chumvi. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 180, nazo zinakwenda kwenye bustani, kwenye mtaro wa barabara, au kwenye shimo la majitaka ambalo chini yake kuna maji ya kisima cha mtaa. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kuhusu maji ya umwagiliaji unayaweka maji yenye zaidi ya gramu 2 za chumvi kwa lita kwenye kundi la vikwazo vikali. Haya yana 3.5. Mnazi utavumilia. Mchungwa, mgomba na maharage hayatavumilia. Katika visiwa na vitongoji ambako maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari chini ya ardhi, na ambako kila kisima kinachovutwa sana huishia kuonja chumvi, kuongeza magunia ya chumvi juu ya ardhi kwa ajili ya starehe ya nyumba moja ni kuwakosea majirani. Anayeamua kuweka chumvi ana wajibu wa kujua maji yake yanaishia wapi.

Ndoo nayo ina maovu yake, na yasifichwe.

Asubuhi katika nyumba nyingi zenye bwawa, kijana anayelitunza hufungua ndoo kwa mikono mitupu. Hugeuza uso pembeni kifuniko kinapolegea, maana pumzi ya kwanza ya klorini inayotoka humo hukaba koo. Huvuta ukosi wa fulana hadi puani, huchota kwa kikopo cha plastiki kilichokatwa, hurusha unga kwenye maji kuelekea upande ambao upepo unatoka, na nusu yake humrudia machoni na kwenye mikono yenye jasho. Hakuna glavu, hakuna miwani, hakuna barakoa. Ukimuuliza ameweka kiasi gani, atasema vikopo viwili, kwa kuwa aliyemtangulia kazini alikuwa akiweka viwili. Vipimo vya matone, vile vichupa viwili vya rangi ya njano na nyekundu, viliisha zamani na hakuna aliyenunua vingine. Hapo ndipo sifa mbaya ya klorini inapozaliwa, na inalipwa kwa mapafu ya mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote katika nyumba ile.

Kemikali hii haina mchezo. Kalisiamu hipokloraiti ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, gesi ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia kwenye mahandaki ya Ypres, Ubelgiji, Aprili 22, 1915. Ikichanganywa na vidonge vya aina nyingine ya klorini ndani ya ndoo moja inaweza kuwaka au kulipuka. Ikiguswa na mafuta au petroli ya jenereta inaweza kushika moto. Stoo nyingi za mabwawa huviweka vitu hivyo vyote kwenye rafu moja. Kuyeyusha unga kuna utaratibu wake, maji kwanza kwenye ndoo ndipo unga, wala si maji juu ya unga. Wako watunza bwawa wanaoifanya kazi hii kwa miaka bila kuelezwa hata hilo.

Vidonge vinavyoelea, ambavyo vinapendwa kwa sababu mtu huviacha wiki nzima, vina mtego mwingine. Vimechanganywa na asidi ya sianuriki, ambayo huilinda klorini dhidi ya jua. Bila kinga hiyo, jua la mchana hula sehemu kubwa ya klorini ndani ya saa mbili, kwa hiyo kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita kinatakiwa. Lakini asidi hiyo haikauki wala haitumiki. Kwa matumizi ya vidonge peke yake, bwawa letu la mfano linapata karibu miligramu 54 za nyongeza kila mwezi. Miezi miwili haijaisha, kiwango kimepita 100 na klorini imefungwa mikono: vipimo vinaonyesha ipo, maji yanaota kijani. Tiba ni kumwaga maji na kujaza mapya. Kwa mji unaonunua maji kwa maboza, kumwaga bwawa zima ni maboza karibu matano ya lita 10,000. Unga wa kalisiamu hauna tatizo hilo, ila huongeza chokaa kwenye maji ambayo kisima kimeshayajaza chokaa. Klorini ya maji haina chokaa wala sianuriki, lakini kwenye stoo yenye joto ya Mombasa hupoteza nguvu wiki hadi wiki, na mnunuzi hajui galoni lake lilikaa juani kwa muda gani kabla ya kumfikia.

Pamoja na hayo yote, maovu ya ndoo yana dawa, na dawa hiyo ni nafuu. Glavu za mpira, miwani ya kufunika macho na barakoa yenye kichujio cha gesi havifikii hata sehemu ndogo ya bei ya seli moja. Vipimo vya matone vya klorini na pH ni vya fedha kidogo na hutumika miezi mingi. Unga ukiwekwa baada ya magharibi, jua likiwa limekwisha kutua, klorini hufanya kazi usiku kucha bila kupotea, na maji yakipimwa asubuhi yanaonyesha kama ilitosha. Sianuriki inawekwa mara moja kwa kipimo, si kwa vidonge vya kila siku. Asidi inakaa chumba kimoja na klorini chumba kingine. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fundi kutoka Afrika Kusini au mzigo kutoka China. Yanamhitaji mtu aliyefundishwa na anayelipwa vizuri. Maovu ya seli, kwa upande mwingine, hayatibiwi na mtu wa nyumbani: ubao ukiungua au upako ukiisha, hapo ni fedha tu.

Chumvi ina haki kwenye nyumba za aina fulani. Nyumba iliyojengwa na umeme wa sola wenye betri, ambayo pampu yake huzunguka mchana bila kujali gridi, inaifaa seli kwa kila namna. Nyumba za wageni na hoteli ndogo zenye waogeleaji wengi kila siku zinafaidika na klorini inayotoka bila kukatika. Familia yenye mtoto mwenye pumu, ikiwa na uwezo, ina sababu nzuri ya kutotaka ndoo ya unga karibu. Lakini masharti yaandikwe kwenye mkataba na fundi kabla ya malipo: maji yapimwe chokaa na chumvi kwanza, ukingo uwe wa jiwe gumu au vigae na si matumbawe wazi, vyuma viwe daraja la 316, kifaa cha kusawazisha umeme kiwepo, maji ya kusafishia chujio yawe na mahali pake, na muuzaji aonyeshe seli ya akiba dukani kwake, si kwenye picha. Muuzaji anayekataa masharti hayo hana imani na anachokiuza.

Wengine wote, ambao ndio wengi, wabaki na klorini ya unga na fedha iliyookolewa waitumie kwa yule kijana wa asubuhi. Mnunulie vifaa vyake wiki hii, mtafutie mafunzo ya siku moja, ongeza mshahara wake, na mpe ruhusa ya kufunga bwawa vipimo vikiwa vibaya, hata kama wageni wameshavaa nguo za kuogelea. Mfundishe kipimo kimoja kisichohitaji matone: asimame ukingoni upande wa kina kirefu na aangalie kifuniko cha tundu la kutolea maji chini ya bwawa. Asipokiona waziwazi, mtoto asiingie majini siku hiyo, bwawa liwe la chumvi au la klorini, kwa sababu maji yanayokificha kifuniko hicho yatamficha na mtoto aliyezama.